Uzi maalumu: betri za sola nje ya gridi, tupeane uzoefu wa kinachoziua na kinachozidumisha

Wati_Saa

Wakuu, uzi huu ni wa betri tu, kwa mifumo ya sola isiyotegemea gridi. Mabishano ya paneli gani au inveta gani yabaki kwenye nyuzi zake. Mwenye uzoefu aweke namba: volti ngapi, ampia ngapi, waya wa milimita ngapi, kipi huharibika na kwa nini. "Inapiga kazi freshi" bila namba haimsaidii anayesoma.

Naanza na hesabu, maana betri nyingi huuawa siku ileile zinaponunuliwa.

Chukua nyumba ya kawaida. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni Wh (wati-saa) 210. Runinga ya wati 50 kwa saa 5 ni Wh 250. Ruta ya wati 10 usiku na mchana ni Wh 240. Friji ndogo, Wh 700 kwa siku. Simu na kompyuta, Wh 150. Jumla Wh 1,550. Wengi huishia hapo. Lakini inveta hupoteza karibu asilimia 10 ya kinachopita ndani yake, kwa hiyo 1,550 inakuwa kama 1,720. Halafu inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu, bila mzigo wowote, inaweza kula wati 20. Kwa saa 24 hiyo ni Wh 480, zaidi ya taa zote na ruta kwa pamoja! Jumla halisi ni Wh 2,200 kwa siku.

Ukitaka akiba ya siku mbili, unahitaji Wh 4,400 zinazotumika. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unanunua Wh 8,800, yaani kama Ah (ampia-saa) 367 kwenye volti 24. Litiamu unaweza kuitumia asilimia 80, kwa hiyo Wh 5,500, kama Ah 215 kwenye volti 25.6.

Na sasa sehemu inayosahaulika. Benki ya asidi ya Ah 367 inataka mkondo wa kuchaji wa angalau asilimia 10 ya ukubwa wake, kama ampia 37. Kwa volti 28 ni zaidi ya wati 1,000 zinazofika kwenye betri kweli, siyo zilizoandikwa mgongoni mwa paneli. Paneli juani hutoa kama asilimia 70 hadi 80 ya maandishi yake, kwa hiyo unazungumzia paneli za wati 1,300 au zaidi. Mtu mwenye paneli za wati 600 akiongeza betri ili "umeme ukae", hapati umeme zaidi. Anapata betri nyingi zisizojaa, na betri ya asidi isiyojaa inakufa.

Karibuni.

Maji_ya_Betri

Umegusa penyewe. Naongezea upande wa asidi, hasa betri za maji.

Kinachoziua namba moja ni kukaa na chaji pungufu. Zikitumika, salfeti ya risasi hujijenga kwenye sahani. Zikijazwa mapema, salfeti hiyo inayeyuka na kurudi kwenye asidi. Zikiachwa nusu kwa wiki kadhaa inageuka fuwele ngumu, na fuwele ngumu hairudi tena. Mita inaweza kuonyesha betri imejaa ndani ya saa moja asubuhi, usiku ikaisha ndani ya saa mbili. Hiyo siyo kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli) mbovu, ni sahani zilizofunikwa.

Kujaa maana yake nini? Kwa betri ya volti 12, kuona volti 14.4 kwenye kioo hakutoshi. Volti ikishafika kiwango cha juu, mkondo huanza kushuka polepole, na asilimia 20 ya mwisho inaweza kula saa tatu au nne. Betri imejaa mkondo unaposhuka hadi asilimia 1 au 2 ya Ah zake ukiwa bado kwenye volti ile ya juu. Kwa betri ya Ah 200 ni ampia 2 hadi 4. Angalau mara moja kila wiki au mbili lazima ifike hapo. Kama jua halitoshi, punguza mzigo siku hiyo au tumia jenereta asubuhi, wakati betri inapokea mkondo mkubwa, kisha acha jua limalizie. Kuwasha jenereta jioni kusukuma ile asilimia 20 ya mwisho ni kuchoma mafuta bure.

Viwango kwa betri ya volti 12 kwenye nyuzi joto 25:

– Ya maji: kujaza 14.4 hadi 14.8, kutunza (ikishajaa) 13.5 hivi
– Kavu ya AGM: kujaza 14.4 hadi 14.6, kutunza 13.6
– Ya jeli: kujaza isizidi 14.1 hadi 14.2. Jeli ikichemka hutengeneza mapovu yasiyoondoka, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena

Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, fuata karatasi. Na ikiwa betri ziko mahali pa joto, kontrola iwe na kihisi kilichobandikwa ubavuni mwa betri, siyo ukutani. Kila nyuzi moja juu ya 25 punguza kama volti 0.02 hadi 0.03. Kwenye nyuzi 35, 14.6 inapaswa kuwa 14.3 au 14.4. Bila hiyo maji yanakauka haraka, na betri kavu huvimba.

Haidromita (kipima uzito wa asidi) haidanganyi. Seli iliyojaa husoma kama 1.265, nusu kama 1.190. Pima seli zote sita na uandike. Zikipishana zaidi ya 0.030, kwanza chaji mpaka mwisho, kisha fanya chaji ya kusawazisha: volti 15.5 hivi, mkondo mdogo, vifaa vya volti 12 ukiwa umevitoa, madirisha wazi. Pima kila nusu saa. Haidromita ikiacha kupanda, au betri ikifika nyuzi 45, simama. Seli moja ikibaki chini baada ya hapo, hiyo imekwisha. Betri kavu na za jeli hazifanyiwi hivi, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi.

Maji: yaliyosafishwa tu, na uongeze baada ya kuchaji. Ukijaza mpaka juu kabla ya kuchaji, asidi hupanda ikipata joto na kumwagika, na iliyomwagika hairudi. Kama sahani ziko wazi, ongeza kidogo tu zifunikwe, chaji, ndipo umalizie. Usiongeze asidi kamwe kwenye betri inayotumika. Kilichopungua ni maji. Asidi haiendi popote, imelala kwenye sahani.

Mgeni_wa_Sola

Naomba kuuliza wakuu, betri ya gari ya Ah 100 si ni Ah 100 tu? Ni rahisi kupatikana.

Maji_ya_Betri

Mkuu, sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache kisha zijazwe hapo hapo. Ukiishusha nusu kila usiku, unga wa sahani unadondoka chini. Ndani ya miezi michache inakuwa pambo. Kwa taa mbili na simu itasogeza siku kama huna njia nyingine, ila usiishushe chini ya 12.4 ikiwa imetulia.

"Kutulia" ni muhimu: haichaji, haina mzigo, saa kadhaa zimepita. Hapo 12.7 ni imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Volti unayoiona friji likiwa linavuta, au jua likiwa linasukuma, haikuambii kitu.

Seli_16

Litiamu sasa. Nazungumzia LiFePO4, siyo zile za simu na kompyuta zinazojaa kwenye volti 4.2 kwa seli. Hizo ni kemia nyingine na moto wake ni mwingine.

Seli moja ni volti 3.2. Nne ni 12.8, nane ni 25.6, kumi na sita ni 51.2. Mpaka wa juu ni 3.65 kwa seli na wa chini 2.5, lakini hiyo ni mipaka ya hatari. Usiitumie kama mahali pa kufanyia kazi kila siku. Mipangilio isiyoleta matatizo:

Kujaza 3.50 hadi 3.55 kwa seli, yaani 14.0 hadi 14.2, au 28.0 hadi 28.4, au 56.0 hadi 56.8. Kutunza 3.35 hadi 3.38, yaani 13.4 hadi 13.5 kwenye mfumo wa volti 12. Inveta ikate kwenye 3.0 kwa seli, yaani 12.0. Fidia ya joto iwe sifuri. Kusawazisha kuzimwe. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika mtu anapotoa betri za asidi na kuweka litiamu huku kontrola ikiwa ileile. Kila baada ya mwezi kontrola inapandisha 15.5 peke yake, BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri) inakata, na mwenye nyumba analaumu betri.

Kwa nini usiiachie BMS ifanye kazi ya kukata? Kwa sababu BMS ikikata jua likiwa kali, mkondo wa kontrola unakosa pa kwenda, volti inaruka ghafla, na inveta au kontrola inaweza kuungua. BMS ni mlinzi wa mwisho. Ikiwa inakata kila siku, kuna mpangilio mbovu mahali.

Tatizo la pili ni seli kutolingana. Dalili yake: betri ya volti 12 inakata ikiwa kwenye 13.9, kabla haijajaa. Fungua programu ya BMS uangalie seli moja moja. Utakuta moja iko 3.65 na nyingine 3.40. Vilinganishi vya ndani vya BMS nyingi hupitisha mkondo mdogo, tuseme ampia 0.1, tena seli zikiwa juu ya 3.40 tu. Tofauti ya Ah 5 inahitaji saa 50 za kukaa huko juu, na jua halikupi hizo kwa siku moja. Dawa ni kushusha volti ya kujaza hadi 13.8 na kuiacha ikae hapo saa kadhaa kila siku kwa wiki moja au mbili. Kama unajenga mwenyewe, linganisha seli kabla: zifunge mfululizo (chanya ya moja kwa hasi ya inayofuata) na BMS, chaji mpaka ya kwanza ifike 3.65, kisha zifungue, zifunge zote sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), weka chaja ya maabara kwenye 3.65 kabla ya kuiunganisha, na usubiri mkondo ushuke karibu na sifuri. Ukianza sambamba moja kwa moja, kwa seli nne za Ah 280 na chaja ya ampia 10 utakaa siku mbili au tatu. Na ukipandisha volti ya chaja ili iende haraka, ukasahau, seli zinavimba. Chaja isiyoangaliwa juu ya seli zisizo na BMS ndiyo ajali ya kawaida zaidi ya wajenzi wapya.

Usichaji litiamu chini ya nyuzi sifuri. Kutoa umeme inakubali, kupokea hapana, metali ya litiamu hujipaka ndani na uharibifu ni wa kudumu.

Na ile tabia ya kusoma asilimia kwa volti, iacheni. Kati ya asilimia 30 na 80 volti ya betri nzima hubadilika kwa 0.2 au 0.3 tu. Weka mita yenye shanti (kipande cha kupimia mkondo) upande wa hasi, na kila waya wa hasi upitie kwenye shanti. Ukiacha hata mmoja ukaenda moja kwa moja kwenye betri, hesabu yote ni ya uongo.

Fyuzi_Kwanza

Nimesoma posti zote, hakuna aliyetaja waya, na huko ndiko moto unakotokea.

Inveta ya wati 2,000 kwenye volti 12 inavuta kama ampia 185. Kwenye 24 ni 93, kwenye 48 ni 46. Umbali wa mita 1.5 ni mita 3 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 25 utapoteza karibu volti 0.4 na wati 70 kama joto. Kwa waya wa 70 ni volti 0.14 na wati 25. Volti 0.4 inaonekana ndogo mpaka friji linapowaka: compresa huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa sekunde moja, volti inashuka, inveta inapiga kelele ya betri imeisha wakati betri iko nusu. Watu wamebadilisha betri nzima kwa sababu ya waya. Zaidi ya wati 1,500, achana na volti 12.

Fyuzi ikae karibu kabisa na terminali ya chanya ya betri, siyo kando ya inveta. Inalinda waya. Kwa mfano ule wa ampia 185 na waya wa 70, fyuzi ya 250 inafaa. Kwa litiamu angalia pia uwezo wa kukata: shoti ya benki kubwa ni maelfu ya ampia, na fyuzi za bei rahisi za magari hupasuka huku cheche ikiendelea kupita. Tumia fyuzi za daraja la T, au za aina ya NH za umeme wa DC.

Sakiti breka ya nyumbani ya AC usiiweke kwenye DC. Mkondo wa AC hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inazimika yenyewe. Wa DC haupiti sifuri kamwe, cheche inakaa na kuyeyusha breka. Hata za DC, nyingine zina alama za chanya na hasi. Ukiigeuza, inashindwa kuzima cheche siku utakapoihitaji.

Lagi (vichwa vya waya) zibanwe kwa mashine ya kubania, siyo nyundo. Lagi iguse terminali moja kwa moja, na washa (pete bapa ya bolti) ikae juu ya lagi. Washa ya chuma ikiwekwa katikati ni kizuizi. Ukimaliza, washa mzigo mkubwa na upime volti kati ya terminali na lagi yake. Volti 0.05 kwenye ampia 100 ni wati 5 za joto kwenye nukta moja. Kaza, au fungua usugue. Rudia baada ya mwezi, risasi ni laini na hulegea.

Mita_Mkononi

Nakubaliana na Fyuzi_Kwanza, ila kabla ya waya wengi wanapigwa kwenye lebo. Mizani inasaidia kuliko maneno ya muuzaji. Betri ya asidi ya volti 12 Ah 100 huwa na kilo 28 hadi 32, ya Ah 200 kama 60. Ukiinua "Ah 200" ya kilo 35 kwa mkono mmoja, ndani hamna risasi ya kutosha, basi. LiFePO4 ya Ah 100 huwa kilo 10 hadi 13. Na zile betri ndogo za duara za 18650 zilizoandikwa mAh 9,900: nyingi zilizo bora hufika kama 3,500 tu.

Angalia pia Ah imepimwa kwa saa ngapi. Betri ya asidi iliyoandikwa Ah 100 kwa saa 100 haitatoa Ah 100 kwa saa 20, na kwa saa 10 ndiyo kabisa. Linganisha za C20 (zilizopimwa kwa saa 20) kwa C20.

Kipimo cha kweli: jaza kabisa, pumzisha, weka mzigo wa ampia 5 kwa betri ya Ah 100 ya asidi, hesabu saa mpaka 10.5. Saa 20 ni mpya, saa 16 inaanza kuchoka, saa 10 usiifunge na nyingine. Usirudie kipimo hiki mara kwa mara, kinaiumiza betri, na uichaji papo hapo ukimaliza. Betri ya asidi iliyochajiwa, ikitulia na kusoma 10.5 au 10.6, ina seli moja iliyopiga shoti. Iondoe leo, maana kwenye sambamba inanyonya wenzake usiku kucha.

Wati_Saa

Kuhusu sambamba, ongeza neno. Watu wanafunga nne, tano, sita.

Mita_Mkononi

Kwa asidi nisingezidi mistari mitatu. Seli za volti 2 zenye Ah kubwa, zilizofungwa mfululizo, ni bora kuliko msururu wa betri ndogo. Ukilazimika, chanya itoke betri ya kwanza na hasi itoke ya mwisho, kwa mshazari. Ukichukua zote mbili kwenye betri ya kwanza, hiyo inafanya kazi kubwa na kufa kwanza, na ya mwisho haijai. Kwa nne hata mshazari hautoshi, za katikati zinavivia. Tumia baa mbili za shaba na waya za urefu uleule kwa kila betri, hata kama ya karibu itabidi waya wake ukunjwe.

Usichanganye mpya na ya zamani. Usifunge asidi na litiamu sambamba moja kwa moja, volti zao za kujaza na kutulia haziendani.

Maji_ya_Betri

Nimekumbuka hewa. Betri za maji zikichaji hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja inatosha. Haidrojeni hupanda, kwa hiyo tundu la kutokea liwe juu kabisa ya chumba au sanduku, na la kuingizia hewa chini. Inveta isikae ndani ya sanduku hilo. Magadi soda na maji mengi viwe karibu kwa asidi inayomwagika, miwani machoni, pete na saa kando.

Mgeni_wa_Sola

Swali la mwisho. Litiamu mpya ya volti 24, BMS ya ampia 100, inveta ya wati 3,000. Nikiunganisha inveta inapiga cheche kubwa na BMS inakata. Betri mbovu?

Seli_16

Hapana. Inveta ina kapasita kubwa tupu, zikiguswa na betri zinavuta mamia ya ampia kwa muda mfupi sana, BMS inadhani ni shoti. Zijaze kwanza: swichi kuu ikiwa wazi, gusisha rezista ya omu 25 hadi 50, ya wati kadhaa, kati ya pande mbili za swichi kwa sekunde tano au kumi, funga swichi, ondoa rezista. Inveta yenyewe iwe imezimwa muda wote huo. Kama huna rezista, balbu ya zamani ya gari ya volti 24 hufanya kazi ileile: inawaka, inafifia, ikizima funga swichi. Isipozima, kuna mzigo au shoti upande wa pili, usiifunge.

Ila una tatizo jingine. Wati 3,000 kwenye volti 24, ukihesabu upotevu, ni kama ampia 139. BMS yako ni 100. Ukiwasha pasi na friji kwa pamoja itakata tena, na itakuwa sahihi. Ama BMS ya 200 na seli zinazoruhusu mkondo huo, ama uweke mpaka wa mzigo kwenye inveta, wati 2,000.

Na kwa kontrola, betri inaunganishwa kwanza, paneli baadaye. Kutoa ni kinyume: paneli kwanza. Kontrola nyingi hutambua 12 au 24 kwa kuisoma betri, zikipata paneli peke yake zinachagua vibaya au zinaungua.